Fumbo Lilikuwepo Kabla ya Mkasi

Wameketi wawili mezani katika chumba cha hoteli ya fahari, Venice, usiku. Mwanamume anajiita baroni, mwanamke anajiita kauntesi. Mwanamke anamwambia mwenzake, kwa sauti ya mtu anayesifia mchuzi, kwamba yeye ni mwizi, na ndiye aliyemwibia yule bwana wa vyumba namba 253, 5, 7 na 9. Papo hapo anamwomba chumvi. Mwanamume anampa chumvi, anamuuliza kama atapenda na pilipili manga. La, ahsante. Ndipo naye anapomwambia, kwa mapenzi yote, kwamba bibie pia ni mwizi: pochi ya yule bwana iko kwake, ameichomoa mfukoni mwa baroni walipokumbatiana, na alipokuwa akiichomoa alimtekenya.

Mwanamume anainuka, anafunga milango kwa ufunguo, anamshika bibie mabegani na kumtikisa. Pochi inadondoka sakafuni. Wanarudi kula. Mwanamke anamrudishia pini yake ya tai na kumwambia kwamba ina jiwe moja zuri sana. Mwanamume anauliza ni saa ngapi. Mwanamke anatafuta saa yake, haipo. Mwanamume anaitoa, anamkabidhi, anamwambia ilikuwa nyuma dakika tano, ameshamrekebishia. Kisha anamwomba radhi: ule mkanda wa soksi atabaki nao. Mwanamke anapapasa paja lake, anaruka, anamwangukia mwenzake kifuani, anamwita mpenzi na kutaka kujua yeye ni nani hasa.

Hiyo ni Trouble in Paradise, filamu ya mwaka 1932 iliyoongozwa na Ernst Lubitsch, mzaliwa wa Berlin aliyehamia Hollywood mwanzoni mwa miaka ya 1920. Kauntesi ni Miriam Hopkins. Baroni ni Herbert Marshall, Mwingereza aliyepoteza mguu mmoja katika Vita vya Kwanza vya Dunia, hata pale anapoonekana akipanda ngazi mbio zile ni mbio za mtu mwingine. Sehemu hiyo ya mezani nimeirudia mara chungu nzima, na kila nikiirudia naona jambo lilelile. Watu hawa wameshapendana kabla neno "nakupenda" halijatamkwa. Wamependana kwa kuibiana, kwa kujibizana na kwa chumvi.

Wapenzi wa sinema za zamani wana maelezo yao wanayoyarudia kuhusu werevu wa namna hii. Wanasema ulizaliwa na marufuku. Hollywood iliandikiwa kanuni za maadili mwaka 1930, kanuni zikapuuzwa, hadi Julai 1934 zilipopewa meno: ofisi iliyoongozwa na Joseph Breen ikawa inasoma miswada na kukagua filamu, na studio iliyothubutu kutoa filamu bila cheti chake ilikabiliwa na faini ya dola 25,000. Kwa kuwa wapenzi hawakuweza tena kuonyeshwa wakipendana, eti, waandishi wakalazimika kuwa werevu: kitanda kikawa mlango uliofungwa, busu likawa tusi la kirafiki, na hapo ndipo vichekesho vya mapenzi vikazaliwa. Kwa maelezo haya mkagua filamu anageuka mkunga.

Niliyaamini maelezo hayo kwa miaka mingi. Siyaamini tena, na tarehe ndizo zilizonitoa huko. Chumvi ya Venice ni ya 1932. Filamu ya basi la Miami, It Happened One Night, nitakayoifikia baadaye, ilitoka Februari 1934. Love Me Tonight ya Rouben Mamoulian, ambayo ndani yake wimbo mmoja unatoka kwenye duka la mshonaji Paris, unarukia kwa dereva wa teksi, unapandishwa treni na wanajeshi, unachukuliwa na mpiga fidla kambini, unafika usiku kwenye roshani ya binti mfalme ambaye hajawahi kumwona huyo mshonaji, nayo ni ya 1932. Mafumbo haya yote yalisemwa wakati mlango ulikuwa wazi na mkasi wa mkagua ulikuwa bado mezani. Aliyeyaleta si Breen. Nadhani ni sauti yenyewe.

Sauti ilipoingia, kwanza iliharibu. Oktoba 1927 kampuni ya Warner Bros. ilitoa The Jazz Singer, na sauti yake haikuwa kwenye ukanda wa filamu bali kwenye santuri za inchi 16 zilizozungushwa sambamba na mashine ya kuonyeshea. Ukanda ukikatika na kuungwa vibaya, midomo inakwenda njia yake na maneno njia yao. Kamera nayo ilikuwa na kelele kama cherehani, basi ikafungiwa pamoja na mpiga picha ndani ya kibanda kisichopitisha sauti. Kamera iliyokuwa imejifunza kutembea, kupanda na kuelea ikawa mfungwa. Kipaza sauti kikafichwa kwenye chombo cha maua, na waigizaji wakatakiwa wasilisogelee wala wasiliache ua lile. Ukitazama filamu nyingi za 1928 na 1929 utawaona wapenzi wamesimama kama waliopigiliwa misumari, wakiliambia ua maneno ya mahaba.

Na walikuwa wanasema kila kitu. Baada ya miaka thelathini ya ububu, studio ziliona aibu kuacha dakika ipite bila neno. Mtu anafungua mlango huku anasema anafungua mlango. Mpenzi anasema nakupenda, anajibiwa nami nakupenda, mziki unaingia. Filamu bubu ilikuwa imeshajua zamani kwamba jicho la mwanamke linaloinuka polepole kutoka kwenye barua linatosha. Filamu ya sauti ililisahau somo hilo kwa muda wa miaka miwili.

Hapa kuna jambo ambalo hunifurahisha kila nikilikumbuka. Tamthilia iliyozaa The Jazz Singer iliandikwa na Samson Raphaelson. Huyohuyo Raphaelson, miaka mitano baada ya filamu ile, ndiye aliyemwandikia Lubitsch ule mlo wa chumvi. Mtu mmoja alisimama kwenye mlango wa kuingilia sauti, na akawepo pia siku sauti ilipopata adabu.

Lubitsch alikuwa ameanza kuitia adabu mapema. Katika The Love Parade ya 1929, filamu yake ya kwanza ya sauti, mwigizaji Maurice Chevalier anaanza kumsimulia mtu kisa cha aibu kidogo. Tunasikiliza, tunasogea, tunataka kujua mwisho wake. Kamera inatoka nje ya dirisha. Tunamwona Chevalier kupitia kioo, midomo inakwenda, mikono inakwenda, hatusikii kitu. Wazia mwaka huo: kila ukumbi Marekani umebandika tangazo kwamba filamu zake zinasema, watu wamelipa ili wasikie, na huyu bwana anawafungia dirisha kwenye sehemu tamu kuliko zote. Alikuwa ameelewa kwamba kwa kuwa sauti sasa ipo, kimya nacho kimepata maana. Kwenye filamu bubu kimya ni hewa tu, kila mtu anaivuta. Mpe mtazamaji sauti kisha umnyang'anye, ataijaza nafasi ile kwa akili yake mwenyewe, na atajaza kitu kizito kuliko ambacho mwandishi angethubutu kuandika.

Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kuelezwa sana jambo hili. Tumekulia kwenye lugha ya kanga. Mwanamke mwenye neno na jirani yake hagongi mlango kumwambia. Anapita mbele ya baraza amejitanda kanga yenye jina linalotosha, na barazani pale kila mtu anajua nani kaambiwa. Mwimbaji wa taarabu anaimba habari za ndege aliyekosa tundu, na mke fulani ukumbini anainuka kwenda kutunza huku anamtazama mwenzake. Wazee wakasema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu ataligangua. Hakuna polisi aliyemzuia bibi yule kusema wazi. Kachagua fumbo kwa sababu fumbo lina watu ndani yake: kuna anayesema, kuna anayeambiwa, na kuna wanaoelewa na kuchekea ndani ya mtandio. Neno la wazi huishia kwa anayeambiwa.

Kwa hiyo wanaposema fumbo ni mtoto wa marufuku, mimi naona wanalitukana. Wanaligeuza kuwa woga.

Rudi Trouble in Paradise, baada ya Venice. Yule mwizi ameajiriwa Paris kuwa katibu wa mjane tajiri mwenye kampuni ya manukato, Madame Colet, anayeigizwa na Kay Francis. Amekuja kumwibia, anaanza kumpenda. Lubitsch anahitaji kutueleza kwamba jioni moja ya kazi imegeuka usiku wa kitu kingine. Anatuonyesha saa. Saa ya mezani inasema ni jioni, nasi tunasikia sauti za watu tusiowaona wakiagana. Picha inayeyuka, saa inasema muda umekwenda, simu inalia na hakuna anayeipokea. Inakuja saa nyingine, usiku umekua, watu wamerudi kutoka walikokwenda, sauti zinaongea kwa upole. Kisha usiku wa manane. Hatuoni uso hata mmoja. Kwenye filamu bubu mkato huu usingewezekana, maana ungekuwa saa tupu. Kwenye filamu ya sauti ya 1929 usingewezekana, maana wangesimama mbele ya ua na kuambiana yote. Ulihitaji mtu aliyejua kwamba sikio linaweza kupewa kitu kimoja na jicho kitu kingine, na kwamba kati ya hivyo viwili ndipo mtazamaji anapokaa.

Baadaye vivuli vyao viwili, wakiwa wamekumbatiana, vinaangukia juu ya kitanda. Mwaka 1932 hakuna aliyemkataza kuwalaza wenyewe. Ameweka vivuli kwa sababu vivuli ni vizuri zaidi.

Kuna jambo la pili sauti ililoleta, na kwangu ndilo kubwa: ilimpa mwanamke jibu. Kwenye filamu bubu alikuwa na uso, na uso ule ulifanya makubwa. Lakini majibizano hayaandikiki vizuri kwenye kadi za maandishi. Likija andishi, mdomo umeshafungwa, mapigo yamepotea. Kujibizana kunataka kasi. Sauti ilipotulia, studio zilikuwa zimeshavuta waandishi wa magazeti na wa tamthilia kutoka New York, watu waliozoea mdomo mwepesi, na wakaanza kuandika wanawake wanaorudisha mpira kabla haujagusa chini. Mapenzi yakageuka mazungumzo ya watu wawili wanaotoshana. Mwanamume wa filamu hizi hampendi mwanamke kwa kuwa ni mzuri tu. Anampenda kwa kuwa hakuna mwingine mjini anayeweza kumjibu.

Itazame It Happened One Night, ya Frank Capra, iliyoandikwa na Robert Riskin. Claudette Colbert ni binti wa tajiri aliyeruka kutoka kwenye boti ya baba yake, anapanda basi kutoka Miami kwenda New York. Clark Gable ni mwandishi wa gazeti aliyepoteza kazi, anamtambua, anamfuata kwa ajili ya habari. Huo ni wakati ambao takriban Mmarekani mmoja kati ya wanne wenye kutafuta kazi hakuwa nayo, na filamu haisahau: ndani ya basi lile kuna mama anazimia kwa njaa, mtoto wake analia, na pesa ya mwisho ya hao wawili inakwenda kwa mtoto huyo.

Asubuhi moja, kwenye vibanda vya wasafiri, wapelelezi wa baba wanagonga mlango. Hakuna pa kukimbilia. Gable anaanza kumfokea Colbert kama mume aliyechoka na mke wake. Colbert, binti aliyelelewa na watumishi, papo hapo anabadilisha sauti, anakuwa mtoto wa fundi bomba, anafoka naye, analia, wanaangushiana maneno hadi wapelelezi wanaona haya na kuondoka. Mlango unafungwa. Wanatazamana. Wamecheka, wamevutiwa, na kila mmoja amegundua kwamba mwenzake anajua mchezo. Sijaona sehemu inayoonyesha vizuri zaidi namna watu wawili wanavyoanza kuwa mke na mume: wamegombana kwa kuigiza, na ndani ya ugomvi wa kuigiza wameingia nyumbani.

Kisa hicho wengi wetu Afrika Mashariki tulikipata kwa njia ya Bombay. Mwaka 1956 Raj Kapoor na Nargis walikicheza kwa Kihindi katika Chori Chori, na mwaka 1991 Mahesh Bhatt akakirudia katika Dil Hai Ke Manta Nahin. Mimi mwenyewe nilikiona kwanza kwenye mkanda wa video, basi, binti wa tajiri, mwandishi wa habari na vyote, nikakipenda kwa Kihindi nisichokijua, na nilipokuja kumwona Colbert barabarani akiinua sketi kidogo ili gari lisimame, baada ya Gable kushindwa kulisimamisha kwa dole gumba, nilijihisi nimekutana na bibi wa mtu ninayemfahamu.

Lakini jibu lile halikupewa kila mwanamke, na sitaki nisifie filamu hizi kana kwamba sikuona. Katika She Done Him Wrong ya 1933, Mae West ndiye mdomo mkubwa wa mwaka huo, kila neno lake limenolewa. Anayesimama nyuma yake na nguo mkononi ni Louise Beavers, mwanamke mweusi, mwigizaji wa kweli, aliyepewa nafasi ya mjakazi. Anaitikia. Kazi yake ni kumpa Mae West mahali pa kutupia neno. Beavers alikuwa na sauti, wakati na uso wa kuchekesha ukumbi mzima. Kilichokosekana ni mtu wa kumwandikia mpenzi wa kujibizana naye. Na kanuni zilipokuja kupewa meno mwaka uliofuata, moja ya marufuku zake ilikuwa kuonyesha mapenzi kati ya mweusi na mweupe. Wanaosema mkasi ulizaa werevu wasilisahau na hilo, kwa sababu hapo hakuna werevu wowote uliozaliwa. Mlango uliokuwa mwembamba ulifungwa.

Haya, Julai 1934. Sisemi kwamba baada ya hapo hapakuwa na filamu nzuri. The Awful Truth ya Leo McCarey, 1937, ina Cary Grant na Irene Dunne kama mume na mke wanaotalikiana, usiku wa mwisho wa ndoa yao wako kwenye vyumba viwili vyenye mlango mmoja katikati, mlango usiokubali kubaki umefungwa kwa sababu ya upepo, na kuna saa ya ukutani yenye vijisanamu viwili vinavyotoka na kuingia. Ni fumbo tamu, naliheshimu. Ila litazame vizuri: hao ni mume na mke. Talaka yao haijakamilika hadi saa sita usiku. Ndivyo kanuni ilivyotaka, na ndiyo maana miaka ile ikajaa wanandoa wanaoachana ili warudiane. Fumbo lilibaki, watu waliokuwa wakiruhusiwa kulitumia ndio waliopungua. Wezi wawili wa Venice wasingepita. Kwenye filamu yao wanamalizia ndani ya teksi, wamekwenda zao na pesa na lulu za mjane, bado wanachomoleana mifukoni, na hakuna polisi, hakuna jela, hakuna kujuta.

Na mkasi ulirudi nyuma pia. Love Me Tonight ilikatwa vipande ili ionyeshwe upya, na vipande vile havijarudishwa hadi leo.

Kuhusu basi la Miami nimebakiza sehemu moja. Usiku wa kwanza, Gable ananing'iniza blanketi kwenye kamba kati ya vitanda viwili na kuliita ukuta wa Yeriko. Hana tarumbeta, anasema, bibi alale kwa amani. Mwishoni kabisa, wakiwa wameshaoana, hatuwaoni. Tunawaona wenye vibanda, mzee na mkewe, wamesimama nje gizani, wanashangaa wale vijana walitakia nini kamba na blanketi na tarumbeta ya mtoto. Tarumbeta inalia. Blanketi linaanguka. Taa inazimwa. Hawa wangeweza kuonyeshwa kwa halali, kwa cheti cha ndoa mkononi, na ilikuwa bado Februari 1934. Capra akatupa mlio wa tarumbeta. Filamu ilichukua tuzo zote kuu tano za Oscar, na Colbert, ambaye hakuutaka sana uhusika ule tangu mwanzo, ilibidi afuatwe akiwa tayari kuondoka kwa treni ili aje kuchukua yake.

Trouble in Paradise haikubahatika hivyo. Mwaka 1935 studio ilipoomba kuionyesha tena ilinyimwa ruhusa, ikawekwa kabatini. Lubitsch aliendelea kufanya kazi, na katikati ya mwaka 1947 aliandika barua akizipima filamu zake zote, akasema kwamba kwa upande wa mtindo mtupu hajafanya kitu kilicho bora kuliko hiyo, wala kilicho sawa nayo. Novemba mwaka huo akafariki. Filamu ilikaa kabatini hadi 1968.